Dar Siendi Tena Kufuata Mzigo Tu

Juzi msomaji mmoja wa Manyoni kaniandikia ujumbe mrefu. Anauza nguo za watoto, kama wengi mnaonisoma hapa, na mzigo anaufuata Kariakoo. Kaniuliza: dada, hiyo Dar unayoisifia kila siku ni ipi? Maana yeye akishuka tu anatamani kurudi. Anakimbizana na mawinga, wale madalali wa mitaani, anabishana bei mpaka sauti inakauka, anakula chipsi amesimama, anafunga mzigo, anageuza. Nyumbani wakimuuliza habari za Dar anajibu neno moja: joto.

Nimecheka peke yangu, kisha nikaona nimjibu hapa hapa, kwa sababu najua mko wengi.

Mimi ni fundi cherehani, Dodoma mjini. Kariakoo nafuata vitambaa, bitana, zipu, vifungo na nyuzi, na nimekwenda miaka mingi bila kuijua Dar. Mtaa wa Kongo, Aggrey, Narung'ombe, Uhuru, ningeweza kukutajia duka kwa duka, lakini ungeniuliza bahari iko upande gani ningekuonyesha kwa kubahatisha. Leo nikishuka stesheni simu inaita kabla sijatoka nje. Niruhusuni nijivune kidogo, nimeifanyia kazi.

Kwanza niseme la moyoni. Zamani nilikuwa nafikia kwa ndugu. Simtaji, na mtaa wake siutaji. Sikuwahi kwenda mikono mitupu: mafuta ya alizeti, karanga, zabibu kama ni msimu. Nikifika nadeki, nachota maji, naingia jikoni. Siku moja niko bafuni nikamsikia anamwambia mtu kwenye simu kwamba kwake pamegeuzwa gesti ya bure ya watu wa Dodoma. Nikamaliza kuoga, nikatoka, nikakaa mezani nikala, na kila tonge linakwama. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza! Imepita miaka, na bado daladala ikipita kile kituo naangalia upande wa pili.

Tangu hapo nalala gesti, na huo ndio ushauri wangu wa kwanza na mkubwa. Rafiki wa mjini mtafute wa kutembea naye, wa kulala kwake usimtafute. Watu wengi wa Dar wamepanga chumba na sebule, wengine chumba kimoja, wana watoto, maji yana ratiba yake, na wanaamka saa kumi alfajiri kuwahi usafiri. Ukimwongezea godoro sakafuni, hata akupende vipi atachoka tu. Lipa gesti yako, nunua maji yako ya kunywa, oga, kisha mpigie: "Shoga, nipo mjini, kesho jioni una nafasi?" Utasikia sauti inavyochangamka. (Mume wangu alisema natupa hela. Siku hizi hasemi.)

Sasa huyo rafiki anapatikana wapi? Wa kwangu alikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Anauza vifungo na zipu kwenye fremu ndogo pale Kariakoo, na kwa muda mrefu tulikuwa mteja na muuzaji: shikamoo kwa mama yake aliyekaa pembeni, bei, risiti, kwaheri. Masika moja mvua ikatufungia ndani. Mtaro umefurika, maji yanaingia hadi kizingitini, hakuna wa kutoka. Akaagiza chai na chapati kwa mama lishe wa jirani, tukapandisha miguu juu ya mabunda ya vitambaa, tukaongea watoto, ada, wakwe, magoti yanayouma. Mvua ilipokatika nikalipia vifungo vyangu, na hakunipunguzia hata shilingi. Hapo ndipo nilipompenda. Nilijua huyu urafiki na biashara hachanganyi.

Kesho yake alfajiri akanipitia gesti. "Twende Feri." Mimi nadhani tunakwenda kupanda kivuko, kumbe ni soko la samaki. Jamani, kama hujawahi kusimama Feri asubuhi mashua zinaingia, hujaiona Dar. Samaki wanamwagwa juu ya meza za saruji, mnadishaji anamshika mmoja mkia anataja bei, watu wanajibu kwa nyusi, kabla hujaelewa samaki ana mwenyewe. Rafiki yangu hakuingia mnadani peke yake. Aliungana na wanawake wawili, wakachanga, wakanunua beseni zima la vibua. Wakachuchumaa pembeni kugawana. Moja, moja, moja, mafungu matatu. Wakubwa wakahamishwa huku na huku mpaka yakalingana. Kisha wakaniambia mimi mgeni nigeuke niwape kisogo. Mmoja akagusa fungu akauliza, "Hili la nani?" Nikasema la mama Temeke. "Na hili?" La shoga yangu. Kila mtu akachukua lake bila neno, kwa sababu mgeni hajui lipi ni lipi. Mimi niliyesemwa kwamba nageuza nyumba ya mtu gesti, leo nimepewa uhakimu wa samaki! Nilicheka hadi machozi, nao wakacheka bila kujua ninachocheka.

Tukapeleka samaki wawili kwa wakaangaji, tukala na ugali na pilipili pale pale, mikono inanuka bahari. Ndipo tukapanda kivuko cha Kigamboni. Nauli ilikuwa shilingi 200, safari yenyewe dakika chache, lakini simama upande wa nje uangalie mji unavyokaa juu ya maji: paa la Azania Front, kanisa lililojengwa na Wajerumani, mnara wa kanisa la Mtakatifu Yosefu kando yake, na nyuma maghorofa ya vioo. Ng'ambo tukanywa madafu, tukakaa kivulini, tukarudi. Siku nzima nilitumia hela ndogo kuliko niliyowahi kuibiwa na winga mmoja kwenye jora moja la kitambaa.

Baada ya hapo nilianza kupanga safari kwa namna nyingine. Mzigo nanunua siku ya kwanza, mapema, nikiwa na nguvu na akili timamu. Jioni nautuma kwa gari la mizigo, nabaki na begi la mgongoni. Siku ya pili ni ya watu. Usifanye kinyume, kwa sababu ukitembea na pesa ya mzigo mfukoni hutaona kitu, utakuwa unajipapasa tu.

Jumapili moja alinipeleka kwenye jogingi. Dar mitaa mingi ina vikundi hivi, asubuhi sana kabla jua halijachoma, watu wamevaa fulana za rangi moja, wanakimbia katikati ya barabara wanaimba kama mchakamchaka wa shule. Mimi na umbo langu! Nilikimbia kidogo, nikatembea sana, nikaimba zaidi ya wote. Mwisho wa mbio wanakaa chini, wanachangia aliyefiwa, wanatangaza harusi, wanataniana Simba na Yanga. Nilitoka pale na namba za simu za dereva wa bajaji ninayemwamini, mama anayeuza uji karibu na gesti yangu, na fundi mwenzangu wa Temeke anayenitumia hadi leo picha za mishono mipya. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi kwa lengo la kunipandishia bei.

Yapo mengine nitayapitia haraka. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, nenda hasa kama una mtoto. Zile habari za Zinjanthropus, fuvu aliloliona Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, zinaacha kuwa somo la mtihani. Mikocheni kuna Nafasi, wasanii wanafanya kazi ndani ya makontena. Coco Beach jioni kwa mihogo, sawa, lakini huko kila mtu anapajua.

Pale ninapopenda zaidi kwa kazi yangu ni Oysterbay, kwa wachoraji wa Tingatinga. Edward Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za nyumba na vipande vya hadibodi, akafa 1972, na mpaka leo mafundi wamekaa wameinama kwenye rangi zile zile za kung'aa. Sikununua picha. Nilimsogelea kijana mmoja aliyekuwa anamalizia mgongo wa ndege, nikamuuliza kwa nini njano haikugusana na bluu. Akanionyesha uzi mwembamba wa rangi nyeusi aliopitisha katikati. Nilirudi Dodoma nikashona gauni la vitambaa hivyo viwili, nikapitisha mkanda mweusi mwembamba pale vinapokutana. Lile gauni limeagizwa na kuagizwa tena. Mtu asikuambie kutembea ni kupoteza muda.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ya Kijiji cha Makumbusho, kwenye Barabara ya Bagamoyo. Safari hiyo mimi ndiye niliyesema twende. Mle ndani kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali, na kuna tembe, nyumba yetu Wagogo. Rafiki yangu, mtu wa pwani tangu kuzaliwa, alisimama anaona kichuguu cha udongo chenye mlango. Mimi nikaingia nimeinama kama nilivyokuwa naingia kwa bibi. Nikamweleza kwa nini paa ni la udongo na limelala bapa, kwamba huko juu ndiko uwele ulikokuwa unaanikwa, kwamba mbuzi walilala ndani ya uzio wa nyumba na sisi watoto tulijua joto lao usiku. Nikamwimbia wimbo wa muheme, ngoma ya kina mama wa Kigogo, nikipiga paja. Mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Siku hiyo mimi nilikuwa mwenyeji ndani ya mji wa watu.

Ndipo akasema, "Basi nataka kuiona yenyewe." Na alikuja. Treni ya SGR ilikuwa imeshaanza safari za Dodoma, Julai 2024, akashuka na pweza mkavu ndani ya begi, behewa zima linajua. Nikampeleka Hombolo kwenye mashamba ya zabibu, akachuma kichala kwa mkono wake, akakataa kula mlenda, akaombwa, akala, akaomba tena.

Na hiyo SGR nina ugomvi nayo kidogo. Basi lilikuwa linakula saa nane, wakati mwingine zaidi. Treni ni saa nne hivi, ya haraka chini ya hapo. Tulishangilia wote. Sasa angalieni tunachokifanya: tunapanda ya asubuhi, tunapigana vikumbo Kariakoo, tunarudi na ya jioni. Saa tulizookoa tumezirudisha Kariakoo. Wanawake wenzangu, nawaambia kwa upendo, hizo saa nne ulizopewa ni zako. Nani kakwambia mtu mwenye duka haruhusiwi kukaa ufukweni? Mbona wanaume zetu wakienda Dar "kikazi" tunawafungia begi la siku nne na hatuulizi?

Tena msiwe watu wa kuhesabu rafiki kwa faida. Nimeona wenzangu wakisikia hadithi hizi wanaanza kutafuta "rafiki wa Dar" kama wanavyotafuta duka la jumla. Mwenye macho anawajua. Salimia hata siku ambazo huna shida. Ukiona mvua kubwa Dar kwenye taarifa ya habari, piga uliza kama maji yameingia ndani. Akikutumia picha ya mtoto kamaliza darasa la saba, pongeza. Usikope mali kwake, hata akikulazimisha. Ukikopa, siku ya kuchelewesha utaanza kuikwepa simu yake, na urafiki umekwisha bila aliyegombana. Na usiende mikono mitupu, ingawa hilo mtu wa Dodoma huhitaji kuambiwa.

Wengine mtasema sina aibu, nimewezaje kumzoea muuza vifungo. Nimeanza kwa kumuuliza anakula wapi mchana. Ni hivyo tu. Swali hilo nimemuuliza kuli, nimemuuliza mpokea mizigo, nimemuuliza dada wa mapokezi gesti, na mara nyingi jibu lilikuwa "twende".

Halafu chagua majira. Wiki ya kuelekea Idi usimsumbue mtu wa Kariakoo. Desemba yote usimsumbue. Januari ni sare za shule, hata salamu atakujibu kwa kidole. Mimi napenda Februari: maduka yamepoa, mwenye fremu anaweza kufunga mapema akatoka na wewe, na hata bei ya gesti inazungumzika.