Barua kwa mwanangu anayeandika juu ya Haunani-Kay Trask

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama tasnifu yako juu ya Haunani-Kay Trask, yule mshairi na mwanaharakati wa Wahawaii asilia, ianze na insha zake au mashairi yake. Hilo utalimaliza na msimamizi wako. Linalonikera ni kwamba mnamgawa kana kwamba walikuwa wanawake wawili, mmoja daktari wa sayansi ya siasa aliyehitimu Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1981, mwingine mtunzi wa diwani ya Night Is a Sharkskin Drum, ilhali kilio ni kimoja: Hawaii, ambayo malkia wake, Liliʻuokalani, alipinduliwa Januari 1893 na wafanyabiashara waliotiwa nguvu na wanamaji wa Marekani walioteremshwa Honolulu.

Nimekwisha kukwambia na narudia: kwa watu walionyang'anywa nchi, shairi ni ushahidi. Watu ambao lugha yao iliondolewa madarasani kwa sheria ya 1896 wangeitunza wapi kumbukumbu yao, kama si katika nyimbo?

Unalijua daftari la bibi yako. Nilipokuwa chuoni nilinukuu beti zake za lile shamba la minazi, na mwalimu mmoja akazisoma mbele ya darasa kwa sauti ya kuigiza, kisha akauliza kama nina chanzo cha kweli. Wenzangu wakacheka, nami nikaketi. Hadi leo nikikumbuka, uso hunipata moto. Ndiyo maana nilifurahi kupita kiasi niliposoma jinsi Trask, tarehe 17 Januari 1993, alivyosimama mbele ya kasri la Iolani na kuwatangazia maelfu ya watu kwamba wao si Wamarekani. Huyo hakuketi.

Utasema, na huenda ni kweli, kwamba ukali huchosha hata walio upande wako. Wapo waliomwona amezidi. Najibu kwamba upole nao tumeupima: Novemba mwaka uleule Marekani iliomba radhi kwa yale mapinduzi ya 1893, katika azimio la heshima kabisa, ambalo halikurudisha ardhi. Tena hakuwa mtu wa kupaza sauti tu, kwa kuwa ndiye mkurugenzi mwanzilishi wa kituo cha taaluma za Kihawaii cha Chuo Kikuu cha Hawaii pale Manoa, ambako vijana walisomea historia yao wenyewe.

Kwa hiyo uanze na lipi? Nisikuamulie. Jibu ninalo, na msimamizi wako hatalipenda, lakini nitalizuia mpaka unitumie sura ya kwanza.

Mama yako