Damu haijai, ndugu yangu

Hiyo hofu yako kwamba ukichangia damu mara moja mwili unazoea, halafu inajaa hadi ukapunguzwe tena, hata mama yangu alinitisha nayo. Haina ukweli. Huu mwaka wa sita nachangia, na nikipitisha miezi minane sisikii chochote. Wanachotoa ni kama mililita 450. Maji yake yanarudi ndani ya siku moja mbili, chembe nyekundu ndizo huchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana huku Tanzania mwanaume anasubiri miezi mitatu, mwanamke minne.

Kinachosumbua hasa ni madini ya chuma. Kuna siku walinitoboa kidole, tone likadondoshwa kwenye kile kimiminika cha bluu cha kupimia kama damu inatosha. Badala ya kuzama likaelea pale juu, linanitazama. Nesi akacheka: "Kaka, leo hapana, nenda kale." Nikarudi na aibu yangu. Huenda chai ya rangi niliyokuwa nashushia kila mlo ilichangia, maana inazuia chuma kufyonzwa. Sasa chai naisogeza mbele saa nzima, na matembele, maharage na dagaa havikosi.

Sindano? Kwangu inauma kidogo kuliko kile kidole, amini usiamini. Kunywa maji ya kutosha kabla, usiende na njaa, na ukimaliza usikurupuke kitandani. Kaa, malizia soda yako. Mkono huo usibebee ndoo siku hiyo.