Nyambizi ikikwama chini, tujizoezeje kutoka?

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Mimi na mwenzangu tupo Florida, tunaunda nyambizi ndogo ya watu wawili ya kwenda mita 15. Mfuniko wake una kipenyo cha sentimita 50 na unafungukia nje. Tunataka kujizoeza kutoka, endapo itakwama na uzito wa dharura, ule unaoachiliwa ili chombo kielee juu, ukagoma kudondoka. Tumefikiria kuishusha mita 5, tufungue valvu, ijae maji, tutoke. Je, ni salama?

Jibu: Ndugu, msifanye hivyo. Nashukuru mmeuliza mapema, maana mpango huo unaweza kuua mtu hata kama kila kitu kitaenda mlivyopanga.

Tuanze na mfuniko. Kwenye mita 15 maji yanaukandamiza kwa uzito wa karibu tani 3. Hakuna bega la kuusukuma. Inabidi maji yaingie hadi presha ya ndani ilingane na ya nje, na kwa kina hicho hewa yenu itabanwa mpaka ibaki asilimia 40 tu ya nafasi ya awali. Mtakuwa mmekaa ndani ya maji kabla mfuniko haujalegea.

Tarehe 1 Februari 1851 nyambizi ya Wilhelm Bauer, Brandtaucher, ilizama katika bandari ya Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, akiwa na mabaharia wawili. Bauer akasema maji yaachwe yaingie. Wenzake wakapinga, na ni haki yao: nani anataka kuongeza maji kwenye chombo kinachozama? Mwisho wakakubali, presha ikalingana, mfuniko ukafunguka, wakaibuka wote watatu wakiwa hai. Ugumu wote ulikuwa katika kutulia huku maji yanapanda, na hicho ndicho cha kufanyia mazoezi.

Kutulia kwa muda gani? Chukulia chumba chenu kina lita 1,500 za hewa na valvu ina tundu la sentimita 2.5. Kwa hesabu yangu ni karibu dakika 5. Lakini maji hayaingii kwa kasi ile ile. Kadiri presha zinavyokaribiana, mkondo unadhoofika, hivyo sehemu ya sita ya mwisho ya maji inakula kama theluthi ya muda wote. Hapo ndipo mtu anapoanza kuhangaika na mfuniko. Tofauti ikiwa imebaki sawa na mita 1 tu ya maji, mfuniko bado umelemewa na kilo 200 hivi. Anausukuma, hauendi, anaamini umekwama, anapaniki. Mfundisheni mwenzenu kuujaribu kwa mkono mmoja, taratibu, kisha angoje tena.

Regyuleta, yaani kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi wa kupigia mbizi, iwe mdomoni kabla ya kugusa valvu. Hewa ya ukaa ikiwa asilimia 2 humo ndani, presha ya mita 15 inaifanya imuumize mtu kama asilimia 5: kichwa kinagonga, anahema ovyo, akili inapotea. Zimeni pia umeme wote. Maji ya chumvi yakikutana na asidi ya betri yanatoa gesi ya klorini. Na masikio yataanza kuuma mara moja, kwa hiyo bana pua na upulize polepole muda wote.

Sasa mazoezi. Anzeni nchi kavu, ndani ya nyambizi yenyewe, macho yamefungwa kitambaa: mkanda, regyuleta, swichi kuu, valvu, mpini wa mfuniko. Mkono mmoja usiachie kilichofungwa imara mpaka wa pili umeshika kinachofuata. Wafanyakazi wa visima vya mafuta wanaojifunza kutoka kwenye helikopta iliyozama hufundishwa hivyo hivyo.

Kisha tengenezeni fremu ya mabomba yenye kiti na tundu la sentimita 50, muishushe kwenye bwawa la kuogelea, wapiga mbizi wawili wakiwa pembeni. Vaeni vile vile mtakavyovaa siku ya safari. Mtagundua haraka kama jaketi la kuokolea linanasa. Lisijazwe hewa ndani kamwe, litawabana kwenye dari. Kaeni dakika zote 5 mkipumulia mtungi, halafu ndipo mtoke. Watu wengi huruka sehemu hii kwa kuiona haina kazi.

Valvu na mfuniko vijaribuni bila mtu ndani: nyambizi ikiwa imening'inia kwenye kreni, betri zimetolewa, mfuniko ukivutwa kwa kamba kutoka nje. Pimeni muda halisi, kisha mtumie huo badala ya hesabu yangu.

Kupanda juu ndiko kunakoua. Hewa mliyovuta kwenye mita 15 inakua mara 2.5 mkifika juu, na aliyeziba pumzi hupasuka mapafu, mapovu yakaingia kwenye damu na kufika ubongoni. Haihitaji kina kirefu. Mita 1 au 2 zimetosha kuua, ndiyo maana nimekataa ile mita 5 yenu. Jeshi la wanamaji la Uingereza, lilipokuwa likifundisha jambo hili kwenye tangi la mita 30 kule Gosport, liliweka wakufunzi ndani ya maji na, karibu, chemba ya presha, yaani chumba cha kumtibu kwa presha aliyeumizwa na mapovu. Ninyi jizoezeni kutoa pumzi mkiogelea kwa ulalo bwawani, mkisema "aaa" mfululizo, tena chini ya mkufunzi wa kupiga mbizi. Kupanda wima afundishe yeye.

Kabla ya safari yoyote, ulizeni chemba ya presha iliyo karibu ni ipi na kama inapokea wagonjwa siku hiyo. Aliyeibuka akalegea upande mmoja, akakohoa damu au akaongea ovyo, mlazeni chali, mpeni oksijeni na mumpeleke, hata akiwaambia amepata nafuu.