Barua kwa mwanangu aliyeko Amadora

Mwanangu,

Barua yako imefika, na baba yako ameisoma mara mbili. Unasema tangu uchaguzi wa Mei 2025, Chega, chama cha mrengo wa kulia kabisa, walipopata viti 60 kati ya 230 na kuwapita Wasoshalisti wenye 58, kazini kwenu hakuna mazungumzo mengine. Ndiyo unaniuliza: mapinduzi yakitokea huko Ureno, yatatoka mrengo wa kushoto au wa kulia?

Wewe unatazama bunge, mimi natazama kambi. Umeshanisikia tangu uko sekondari: serikali huanguka siku koplo anapokataa amri. Baba yako anasema nimeng'ang'ania hapo. Acha ning'ang'anie, maana nchi unayoishi ndiyo iliyonifundisha.

Anza na Julai 1973. Ureno ilikuwa inapigana Angola tangu 1961, Guinea-Bissau tangu 1963, na Msumbiji tangu Septemba 1964. Maafisa wakawa hawatoshi, kwa sababu vijana walikuwa wanakikwepa chuo cha kijeshi. Serikali ya waziri mkuu Caetano ikatoa sheria namba 353/73: afisa aliyeingia jeshini kwa mujibu wa sheria angeweza kusoma kozi fupi ya mihula miwili, akaajiriwa moja kwa moja, na miaka yake ya nyuma ikahesabiwa kwenye ukongwe. Kapteni aliyemaliza chuo kwa njia ndefu, akapelekwa vitani Afrika akarudi, akapelekwa tena, akajikuta mtu aliyekuwa nyuma yake sasa yuko mbele kwenye orodha ya kupandishwa vyeo. Hapo hapakuwa na Marx wala Salazar, dikteta aliyemtangulia Caetano, ilikuwa orodha tu. Septemba makapteni zaidi ya 100 wakakutana kwa siri shambani karibu na Évora. Serikali ilipoirudisha nyuma sheria ile, ilikuwa imechelewa. Walishazoea kukutana, na mtu akishazoea kulalamikia cheo na wenzake, haichukui muda kuuliza hiyo vita yenyewe ni ya nini.

Jaribio la kwanza liliharibika. Tarehe 16 Machi 1974 kikosi cha Caldas da Rainha, watu wapatao 200, kilitoka peke yake kuelekea Lisbon. Kambi nyingine hazikutikisika, wakageuza, wakakamatwa. Kosa lilikuwa moja: hakuna aliyejua kwa hakika nani anatoka na saa ngapi. Otelo Saraiva de Carvalho, mzaliwa wa Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, akaandika mpango upya. Kila kikosi kikapewa lengo lake: redio, televisheni, uwanja wa ndege, makao makuu ya jeshi. Ishara ikawa nyimbo mbili redioni, wa kwanza saa 4:55 usiku wa tarehe 24 Aprili kuwaambia wajiandae, wa pili saa 6:20 kuwaambia watoke. Kila kambi ikasikia kwa wakati mmoja, bila simu ambayo polisi wa siri wangeweza kuidaka.

Sasa fika pale mtoni, unapopanda kivuko Terreiro do Paço. Kapteni Salgueiro Maia alikuwa ametoka Santarém usiku na askari wapatao 240 na magari ya deraya, mengine mabovu. Serikali ikamletea vifaru vya M47 chini ya brigedia. Maia akatembea kwa miguu kuwaelekea. Brigedia akamwamuru luteni usu apige. Akakataa, akawekwa chini ya ulinzi. Brigedia akamgeukia koplo mpiga mzinga, José Alves Costa, akamwambia piga au nakupiga risasi. Koplo akaingia ndani ya kifaru, akajifungia mfuniko. Kwisha. Bunduki zote za Santarém zisingeweza kushindana na kifaru kile, lakini kilinyamaza kwa sababu ya mfuniko ule. Jioni Caetano akasalimu amri katika kambi ya Carmo, tena kwa sharti kwamba jenerali, Spínola, ndiye ayapokee madaraka, yasije yakaangukia mikononi mwa watu wa mitaani. Waliomwaga damu ya raia siku hiyo walikuwa polisi wa siri, waliofyatulia umati risasi kutoka madirishani mwa ofisi yao na kuua watu wanne.

Nikisoma habari za koplo yule nafurahi mpaka leo. Kinachoniuma ni kingine. Kila Aprili huko watu wanabeba maua mekundu ya karnesheni kukumbuka siku ile, na Nachingwea haitajwi. Nani alimchosha yule koplo? Watu wa kwetu, mwanangu. Wapiganaji wa FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, waliofunzwa Nachingwea na kuvuka Ruvuma, majina ambayo babu yako alikuwa anayajua. Tarehe 1 Agosti 1974, kambi ya Wareno ya Omar, ng'ambo tu ya mto, ilijisalimisha kwa FRELIMO bila vita. Askari zaidi ya 100 wakavushwa mpaka Nachingwea na kurudishwa kwao Septemba, baada ya Mkataba wa Lusaka. Nao walikuwa makoplo waliokataa.

Lakini hapa najipinga mwenyewe, kabla hujanipinga wewe. Jeshi hilohilo, tarehe 28 Mei 1926, lilitoka Braga likaizika jamhuri iliyobadili serikali zaidi ya 40 katika miaka 16, na mwishowe likampa nchi Salazar. Kwa hiyo kambi haina mrengo? Utasema inao, na utanionyesha 1975. Haya, tuitazame. Tarehe 11 Machi watu wa Spínola, yaani wa kulia, walituma ndege na askari miamvuli wa Tancos kuishambulia kambi ya mizinga ya Lisbon. Kapteni wa miamvuli na kapteni wa kambi wakaishia kubishana barabarani mbele ya kamera za televisheni, na mashambulizi yakafa hapo. Siku tatu baadaye mabenki yakataifishwa. Kisha tarehe 25 Novemba miamvuli haohao wa Tancos, safari hii upande wa kushoto, wakateka vituo vya anga. Makomandoo wa Amadora, hapo hapo unapokaa, chini ya mpango wa afisa aitwaye Eanes, wakawazima. Otelo alikuwa amekwenda nyumbani, Wakomunisti hawakuwaunga mkono, na kushoto kukaondoka jeshini. Wa kulia walipojaribu walikuza kushoto, na wa kushoto walipojaribu walifungua mlango wa kulia. Na wananchi walishasema yao kati ya tarehe hizo mbili: uchaguzi wa Aprili 1975, watu zaidi ya 9 kati ya 10 walijitokeza, Wasoshalisti wakapata asilimia 38, Wakomunisti chini ya 13.

Hata hapa kwetu, waasi wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, Januari 1964 walidai mishahara na maafisa Waafrika. Hawakuwa na mrengo, na Mwalimu ilibidi awaite Waingereza, kisha alivunja jeshi lile na kuunda jingine.

Ndiyo maana hesabu ya viti vya Chega hainitishi sana. Kilichonikosesha usingizi ni Januari 2024, polisi wenu walipolala nje ya bunge kwa sababu askari wa upelelezi wameongezewa posho nao wakaachwa. Ona inavyofanana na 1973: watu wa kazi moja, wamepangwa kwa orodha mbili. Tofauti ni kwamba Julai serikali ilikaa nao ikakubali nyongeza ya euro 300 kwa awamu, na hawana vita ya miaka 13 mgongoni.

Baba yako anasema nijibu tu, kushoto au kulia. Jina la mrengo linanifika ulimini, nalirudisha. Nitakutajia siku utakaponiletea mambo mawili: kapteni wa leo amekaa kwenye cheo hicho miaka mingapi, na sajini wake analipa kodi ya nyumba kwa sehemu gani ya mshahara. Waulize wale wanaokuja kununua mkate kwako.

Wasalimie watoto, na mkwe wangu.

Mama yako