Mtoto wa farasi haioni chuchu? Mwache kichwa chake

Mara ya kwanza kuzalisha farasi nilichemka vibaya. Mtoto katoka salama, kasimama ndani ya dakika 50 hivi, miguu inatetemeka huku na huku, nikasema aah tumemaliza, kumbe kazi ndo kwanza inaanza. Akaanza kunyonya ukuta. Ukuta jamani! Akahamia kifuani kwa mama, akanyonya goti, akanyonya shati langu, kila mahali isipokuwa kwenye kiwele. Mimi na haraka zangu nikamkamata kichwa nikawa namsukuma chini ya mama, na kadiri navyosukuma ndo anavyorudi nyuma, mpaka akachoka akalala, jasho linanitoka na muda unakwenda.

Na muda ndo wenyewe hapa. Mtoto wa farasi anazaliwa karibu hana kinga mwilini, anaipata kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano yanayonata, na utumbo wake unaifyonza vizuri zaidi masaa 6 hadi 12 ya mwanzo, baada ya hapo inapungua, ikifika masaa 24 haipiti tena. Kawaida anasimama ndani ya saa 1, ananyonya ndani ya masaa 2.

Sa hivi nikiona kasimama simgusi, kupapasa ukuta ndo kutafuta kwenyewe. Ikipita saa moja na nusu bado anazurura naingia na mwenzangu, yeye anamshika mama kichwani. Mama mwenye uzao wa kwanza kiwele kimejaa kinamuuma, akiguswa anapiga kelele, anazunguka, na teke anarusha, kwa hiyo simama ubavuni sio nyuma, mkamue kidogo presha ipungue (usimwage bana, weka kwenye chupa safi, unaweza kuyahitaji). Halafu nalowesha vidole kwenye hiyo dang'a nampa mtoto avute. Akivuta kwa nguvu natulia, manake kunyonya anajua, njia tu ndo hajaijua. Hapo namsukuma kwa matako, mkono mmoja nyuma mwingine kifuani, kichwa kiko huru, vidole vinamwongoza taratibu mpaka kwenye chuchu nachomoa. Anaikosa, tunarudia, anaikosa tena. Akichoka mwache alale kidogo.

Usidanganyike lakini, sio kila aliyeingiza kichwa chini ya mama ananyonya. Sikiliza kama anameza. Ukikuta paji la uso limelowa maziwa na kiwele bado kimejaa ndii, ujue anagongagonga tu.

Asipovuta vidole kabisa, au masaa 3 yameisha hajapata kitu, piga simu kwa daktari wa mifugo, usingoje asubuhi. Na tafadhali usimmiminie maziwa mdomoni kwa huruma, mtoto asiyevuta yanaweza kuingia mapafuni ukamuua mwenyewe, daktari ana mpira anaupitisha puani mpaka tumboni. Hata akinyonya vizuri, mimi wangu napimisha damu akikaribia siku moja kuona kinga imefika.

Yule wa kwanza? Nilitoka nje kumpigia daktari, narudi nakuta kashajipeleka mwenyewe, mkia unachezacheza, povu la maziwa mdomoni, mama ananiangalia tu.