Mwanangu, kuhusu damu uliyoniuliza

Mwanangu,

Nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Unasema ni wiki ya pili sasa, ukitoka haja kubwa unaona damu nyekundu kwenye karatasi, na usiku unawashwa huko nyuma hadi usingizi unakatika. Umeuliza kama ni bawasiri tu, ununue dawa ya kupaka yaishe.

Umefanya vyema kuniuliza, kwa sababu hilo neno "bawasiri tu" liliwahi kunitesa. Baada ya kukuzaa wewe nilitokwa na damu kama yako. Nilijiambia ni bawasiri, maana wajawazito na waliotoka kujifungua huzipata sana, nikapaka dawa ya bawasiri kwa miezi minane bila kumwambia mtu. Kila nikienda chooni nilihisi kama napitisha kipande cha chupa, na maumivu yaliendelea saa nzima baadaye. Ilifika mahali naogopa kula ili nisiende haja. Siku daktari aliponitazama, hata dakika tano hazikuisha: haikuwa bawasiri, ulikuwa mpasuko, yaani ngozi ya mlango wa haja imechanika. Kila choo kigumu kilikuwa kinaufungua upya. Nilipewa dawa ya kulegeza msuli wa pale, ikaniumiza kichwa siku za mwanzo, lakini kidonda kikafunga.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, jiulize: je, inauma? Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba. Zile za ndani kwa kawaida haziumi, kwa kuwa utando wa huko juu hauna hisia za maumivu kama ngozi ya nje. Unaona tu damu imedondoka chooni au imepaka karatasi. Za nje huwasha, na ukijigusa unahisi kinyama. Kikitokea ghafla kinundu kigumu cha rangi ya zambarau kinachouma sana, damu imeganda ndani yake. Usikae nacho, nenda siku hiyohiyo au kesho yake, maana ndani ya siku tatu za mwanzo daktari anaweza kukitoa ukapata nafuu haraka. Maumivu ya kukata kama wembe wakati wa haja, hayo ni ya mpasuko.

Sasa muwasho. Nakujua, tangu utotoni ukiona kitu kinakusumbua unakisugua. Naomba hapa usisugue. Watu wengi wanaowashwa huko huamini ni uchafu, basi wanaosha kwa sabuni mara nne kwa siku, wanapangusa kwa nguvu, wanatumia karatasi zenye manukato. Ngozi ya pale ni laini. Sabuni inaondoa mafuta yake ya asili, inakauka, inapata michubuko midogo, inawasha zaidi, nawe unaosha tena. Osha kwa maji matupu, kausha kwa kubonyezabonyeza na kitambaa laini, vaa chupi ya pamba isiyobana, kata kucha. Unaweza kupaka mafuta ya mgando kidogo. Zile krimu za kupunguza muwasho zenye haidrokotisoni usizitumie zaidi ya wiki moja bila daktari, zinafanya ngozi iwe nyembamba.

Na kwa kuwa muwasho wako ni wa usiku, fikiria minyoo, hasa kama unaishi na watoto wadogo. Kuna minyoo midogo myeupe kama vipande vya uzi. Jike hutoka usiku kutaga mayai kwenye ngozi ya pale, na ndiyo maana mchana unaweza kukaa vizuri kabisa. Ikithibitika, dawa hunywewa na nyumba nzima, kisha hurudiwa baada ya wiki mbili, kwa sababu haiui mayai. Shuka na nguo za ndani zifuliwe kwa maji ya moto. Mjamzito amuulize daktari kwanza.

Iwe bawasiri au mpasuko, kazi kubwa ni kulainisha choo. Mtu mzima anahitaji gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku: matunda, mboga, jamii ya kunde, nafaka zisizokobolewa. Ongeza polepole na unywe maji ya kutosha, la sivyo tumbo litajaa gesi. Haja ikikuita, nenda. Ukiichelewesha choo kinakauka. Usijikamue, na simu iache nje, maana kukaa muda mrefu kwenye choo kunajaza damu kwenye mishipa ileile. Weka miguu juu ya kigoda kidogo magoti yainuke, utaona choo kinashuka bila kulazimisha. Ukimaliza, kalia maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, yasiwe ya moto. Mimi hayo maji ndiyo yaliyonirudishia usingizi.

Lakini kuna damu ambayo haingoji kigoda wala matunda. Choo kikiwa cheusi kama lami, damu ikiwa imechanganyika na kinyesi, ikitoka nyingi isikome, au ukiona kizunguzungu, nenda hospitali mara moja. Homa na uvimbe unaouma kando ya njia ya haja huenda ni jipu, nalo ni la siku hiyohiyo. Ukipungua uzito bila sababu, choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, ukichoka kupita kawaida, au kama kuna ndugu wa damu aliyeugua saratani ya utumbo, mwambie daktari wazi. Saratani ya utumbo mpana huweza kuanza kwa damu inayodhaniwa ni bawasiri, na ikigunduliwa mapema hutibika vizuri zaidi.

Kwako wewe, wiki mbili zinatosha. Nenda uonwe wiki hii. Najua unachoogopa ni kile kitanda. Utalala kwa ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja kuelekea kifuani. Daktari atatazama kwanza, kisha atapitisha kidole chenye glavu na mafuta, pengine na kifaa kifupi kama bomba cha kutazamia ndani. Vuta pumzi taratibu. Ikiuma sana mwambie asimame. Kwenye mpasuko mara nyingi kutazama tu kunatosha.

Andika kabla ya kwenda: ilianza lini, damu kiasi gani, inauma au haiumi, dawa unazotumia. Nitakuwa na simu mkononi siku hiyo. Ukitoka tu, nipigie.

Mama yako