Injini inagonga asubuhi, fundi kaniambia niweke oili nzito

SWALI: Habari za kazi, fundi. Miezi michache iliyopita nilinunua Toyota IST ya cc 1490, namba D, kwa mtu binafsi. Nikiiwasha asubuhi inagonga ta-ta-ta-ta upande wa dereva kwa sekunde tano hivi, halafu inatulia. Mchana nikiwa nimeshaitembeza haisikiki. Fundi wa jirani aliisikiliza akasema oili niliyoweka ni nyepesi mno kwa joto la Dar, akanimwagia 20W-50 pamoja na chupa ya dawa ya kunyamazisha injini. Kweli ikapoa kama wiki mbili. Sasa imerudi, na inachukua muda mrefu kuliko mwanzo. Fundi mwingine anasema injini imeisha, ninunue nyingine ya mtumba. Gari hili ndilo linawapeleka wanangu shule. Nimsikilize nani?
Mama wa watoto wawili, Tabata Segerea

JIBU: Kwa sasa usimsikilize hata mmoja, dada yangu. Wa kwanza amekunyamazishia sauti bila kujua inatoka wapi. Wa pili ameihukumu injini bila kuipima. Katika maelezo yako yote sijaona mahali ambapo yeyote kati yao alichomoa stiki ya oili akaitazama.

Sauti unayoieleza ina mambo matatu yanayonisaidia: inatokea gari likiwa baridi tu, inakaa sekunde chache, na iko upande wa dereva. Kwenye IST injini imewekwa kwa upana, na upande wa dereva ndiko iliko cheni ya taimingi, ile inayofanya valvu zifunguke kwa wakati wake. Cheni hiyo hukazwa na tenshena inayosukumwa na presha ya oili. Gari likilala usiku, oili hushuka chini kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Asubuhi ukiwasha, kwa muda mfupi tenshena haina presha, cheni inalegea na kupigapiga gaidi zake (reli zinazoiongoza) mpaka oili ifike. Ikifika, kimya. Kwa hiyo mimi ningeanza kushuku oili pungufu, filta ya oili mbovu, tenshena iliyochoka au cheni iliyorefuka. Gia ya VVT-i nayo (ile inayobadilisha muda wa valvu kufunguka), pini yake ya kufungia ikilika, hukwaruza wakati wa kuwasha.

Sasa angalia dawa uliyopewa. Tatizo ni oili kuchelewa kufika juu, na wewe umewekewa oili inayopanda polepole zaidi. Sekunde zilizoongezeka zinaweza kuwa zimetoka hapo.

Hili la "Dar ni joto, weka oili nzito" nalisikia kila mahali, kuanzia Gerezani mpaka Tegeta, na linaniumiza kwa sababu linasemwa kwa uhakika mkubwa na watu ambao wateja wanawaamini. Hesabu yake ni mbovu. Namba ya pili kwenye dumu, ile 30 au 50, inaeleza uzito wa oili ikiwa kwenye nyuzi 100, yaani ikiwa kazini ndani ya injini iliyopata moto. Na joto hilo la kazini halipangwi na jua la Dar. Linapangwa na thamostati, valvu inayoruhusu maji yaende kupozwa kwenye rejeta, ambayo kwenye Toyota nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Gari likiwa Hokkaido, Japani, kwenye theluji au likiwa limesimama foleni ya Mandela saa nane mchana, mfumo wa kupoza ukiwa mzima, injini iliyopata moto inafanya kazi karibu katika joto lile lile. Waliotengeneza injini yako waliacha nafasi kati ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na beringi zake inayopimwa kwa sehemu za mia za milimita, wakachagua oili ya kupita hapo. Kwa injini yako 5W-30 ni oili sahihi. Oili hiyo hiyo ndiyo inayosukuma tenshena na kuzungusha gia ya VVT-i kupitia vitundu vidogo na kichujio cha waya laini. Ukiifanya nzito, vyote hivyo vinafanya kazi kwa kuchelewa.

Wapo watakaosema kitabu cha gari lao kinaruhusu 20W-50. Kama kitabu kinasema hivyo, fuata kitabu. Ninachokikataa ni fundi kubadilisha uzito wa oili kwa sababu ya kelele ambayo hajaitafuta.

Mtu huyo huyo wa "Dar ni joto" mara nyingi ndiye anayeng'oa thamostati na kuitupa. Injini inabaki kwenye ubaridi muda mrefu, kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya ziada ikidhani ndiyo kwanza gari limewashwa, petroli hiyo inapenya mpaka kwenye oili, na mwenye gari anaanza kulalamika kwamba IST inakula mafuta kuliko Noah.

Oili nzito hunyamazisha kelele kwa sababu inajaza pengo. Beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ikishalika, pengo lake linakuwa kubwa, na kila pistoni inaposukumwa chini vyuma vinagongana. Oili nzito inakaa katikati kama mto, sauti inazama, mteja anafurahi. Chuma kinaendelea kulika. Ni kumziba mdomo mtoto anayelia tumbo. Siku beringi inapozunguka kwenye nyumba yake au konrodi inapokatika na kutoboa bloku, hapo hakuna tena cha kutengeneza. Gari ambalo lingefunguliwa mapema, krenki ikapimwa na beringi zikabadilishwa, linakuwa la kutafutiwa injini nyingine.

Kwako wewe, fanya hivi. Kesho asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa sehemu tambarare, chomoa stiki, ifute, irudishe, ichomoe tena. IST za kwanza zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007. Injini ya umri huo kula oili kidogo si ajabu, na nimefunguliwa boneti za gari nyingi "zinazogonga" ambazo stiki yake haikugusa oili kabisa. Kisha mwaga hiyo 20W-50 na dawa yake. Imwagwe kwenye beseni safi, wewe ukiwa umesimama pale pale. Fundi apitishe sumaku kwenye oili, halafu apasue filta ya zamani na kuikunjua karatasi yake juani. Chembe zinazonasa kwenye sumaku ni chuma, huenda cha cheni au kamshafti (mhimili unaofungua valvu). Vimulimuli vya rangi ya shaba au fedha ambavyo sumaku haivivuti ni vya beringi, na ukiviona vingi usiliwashe gari tena, liite winchi. Ukikuta oili nyeusi tu, shukuru, endelea.

Weka 5W-30 ya dumu lenye sili, ununue duka unaloweza kurudi na risiti. Weka filta nzuri. Ndani ya filta kuna valvu ya mpira inayozuia oili isirudi yote chini gari likizimwa, na filta nyingi za bei ya kutupa hazina, au zina mpira uliokakamaa. Gari zilizoacha kugonga asubuhi kwa kubadilishwa filta peke yake nimeziona. Na kama kuna mtu atakushauri uoshe injini kwa kumimina dizeli au mafuta ya taa kwenye sampu na kuiacha iungurume kidogo, chukua funguo zako uondoke. Mafuta ya taa hayawezi kulainisha beringi inayozunguka, na uchafu yanaoung'oa huenda moja kwa moja kuziba kichujio cha pampu.

Kelele ikibaki baada ya hapo, dai vipimo viwili. Cha kwanza ni presha ya oili kwa geji ya mkono. Swichi ya presha inafunguliwa, geji inafungwa mahali pake, injini inapata moto kabisa, ndipo inasomwa. Sisi mafundi tunatumia kanuni ya psi 10 hivi kwa kila mizunguko 1,000. Usiitegemee taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi, maana yenyewe huwaka presha ikiwa imekaribia kwisha kabisa. Cha pili ni skana, mashine inayosoma kompyuta ya gari. Ikileta kodi P0016, krenki na kamshafti hazipatani, na cheni iliyorefuka inaingia kwenye orodha ya washukiwa wa kwanza. Presha ikiwa nzuri na ushahidi ukielekeza kwenye cheni, badilisha seti: cheni, tenshena, gaidi zote mbili, na gia zikaguliwe meno. Usikubali tenshena mpya ifungwe kwenye cheni ya zamani ili kupunguza gharama, kwa sababu kazi kubwa ni kufungua kava la mbele, na utailipia mara ya pili.

Hapo kwenye skana pia pana imani inayonichosha. Mteja anafika na karatasi mkononi: "Fundi, mashine imesema injini ni nzima." Mashine haina masikio ya kusikia bigi-endi, yaani beringi ya konrodi. Inasoma vihisio vilivyopo, na kwenye beringi ya konrodi hakuna kihisio. Gari linaweza kuwa linagonga ngo-ngo-ngo mpaka jirani anaamka, na skana ikaonyesha hakuna kosa hata moja.

Sauti ina tabia zake, na ndizo zinazotafutwa kwanza. Sauti nzito inayotoka chini, inayoongezeka gari likipata moto na ukikanyaga mafuta, hiyo ni ya beringi za krenki au konrodi. Fundi anachomoa waya wa koili moja moja, injini ikiwa silensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Silinda ambayo sauti inapungua ikizimwa ndiyo yenye ugonjwa. Sauti kavu ya haraka juu kwenye hedi, inayokwenda nusu ya mwendo wa injini, ni ya valvu, kwa sababu kamshafti huzunguka mara moja krenki ikizunguka mara mbili. Tik-tik ya baridi inayopotea gari likipata moto inaweza kuwa gasketi ya manifodi ya ekzosi inayovuja, haina uhusiano wowote na oili. Mlio mwembamba wa kusaga huenda ni alternata au pampu ya maji. Mkanda unatolewa, injini inawashwa kwa nusu dakika tu, kwani kwenye IST pampu ya maji inazungushwa na mkanda huo huo. Mlio ukipotea, injini yako haina kosa. Kazi hii yote ni ya dakika chache na bisibisi ndefu sikioni, lakini mtu anayelipwa kwa kuuza dumu la oili haoni sababu ya kuifanya.

Injini ya mtumba usiinunue mpaka vipimo vya yako viihukumu. Nayo unaikuta imekaa chini dukani, hukuisikia ikinguruma, hujui ilitolewa kwenye gari la namna gani, na ukishaifunga ndipo unaanza kuisikiliza.

Umesema ulinunua kwa mtu binafsi. Hukusema kama siku ya kulikagua uliliwasha likiwa baridi. Wengi hawalikuti baridi. Unapigiwa simu njoo saa nne, unafika unakuta gari limeoshwa, linanguruma, AC inapuliza, dalali anakusifia injini ilivyo kimya. Limewashwa tangu saa tatu. Kelele ya cheni imeshapita, na kama kuna ya beringi, imezamishwa na 20W-50 iliyowekwa jana yake. Ndugu zangu mnaotafuta gari la mkononi, hapa ndipo fedha zenu zinapopotelea, kwenye yadi na mitaani vile vile. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla ya kusalimiana sana, weka kiganja juu ya boneti. Chomoa stiki, pakaza oili kati ya vidole viwili: 5W-30 ikiwa baridi inatiririka, ukiikuta inavutika na kunata, uliza kwa nini. Funua kifuniko cha kujazia oili uangalie chini yake. Masizi magumu au tope jeusi linakueleza kwamba oili ilikuwa ikikaa mpaka inaungua. Na hili linatokea sana mjini hapa, kwa sababu watu wanahesabu kilomita tu, wakati kwenye foleni za Ubungo injini inazunguka saa nzima na mita haijasogea.

Mwache fundi wako ndiye awashe, wewe usimame mbele ya gari, redio na AC vikiwa vimezimwa, na simu yako ikirekodi kuanzia kabla ya ufunguo kuzungushwa. Kisha liendeshwe mpaka lipate moto, lipandishe mlima, lirudi, lisikilizwe tena likiwa silensa. Fundi awe umemleta wewe, siyo aliyependekezwa na dalali. Muuzaji akikataa gari kuwashwa likiwa baridi, au ukikuta boneti ina moto baada ya kukubaliana, usianze kujadili bei.